Takrolimasi, figo ya kaka yangu na kijana wa famasi

Natumia takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, mwaka wa nne sasa, tangu nilipopandikizwa figo ya kaka yangu, na sijawahi kuiandikia lolote. Leo naandika kwa sababu hasira haijanitoka.

Ilikuwa msimu wa mvua. Kifua kilinibana, kikohozi usiku kucha, nikaingia famasi iliyo karibu na kituo cha daladala. Kijana wa kaunta akanitolea antibayotiki iitwayo klarithromaisini kabla sijamaliza kueleza. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi natumia dawa za kushusha kinga, hebu niangalizie kama hii haigombani nazo." Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Akapaza sauti: "Mama, wenzako wanatafuta za kupandisha kinga, wewe unashusha? Kama ni zile za kliniki sema tu."

Watu wakanyamaza. Baba mmoja akasogea pembeni kunipisha, kama vile nitamwambukiza kwa kusimama. Hata ningekuwa natumia ARV, si jambo la kuonea aibu, nina ndugu anazinywa na analima shamba lake vizuri tu. Ila nani alimpa kazi ya kunitangaza? Nikarudia polepole: nina figo ya kupandikizwa. Akajibu, "Hii antibayotiki kila mtu anakunywa. Kwani wewe umesomea?" Nikalipa, nikaondoka. Nilitaka tu kutoka mle ndani.

Mimi ni fundi cherehani. Takrolimasi ilinitetemesha vidole tangu mwanzo, kidogo, nikazoea kuegemeza kiwiko mezani ndipo nitie uzi. Siku ya tatu ya ile antibayotiki uzi ukawa unapita kushoto kwa tundu, mara kulia. Nikaulowesha mate, nikaukata ncha, nikajaribu tena mpaka macho yakajaa machozi. Binti yangu akaja akautia yeye. Nikimimina chai, nusu inaishia kwenye kisosi. Kichwa kinagonga.

Kliniki wakanitoa damu kabla sijameza dozi ya asubuhi. Daktari wangu hutaka kiwango cha takrolimasi kwenye damu kicheze kati ya 5 na 8. Kilirudi 21. Kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo ikizidiwa, iliyokuwa 104 ikasoma 171. Figo ya kaka yangu hiyo, aliyepasuliwa ubavu kwa ajili yangu.

Daktari alinieleza kwa upole, na ningependa yule kijana angekuwepo asikie. Ndani ya utumbo na ini kuna kimeng'enya kinachoivunjavunja takrolimasi. Klarithromaisini inakizuia, kwa hiyo dawa inarundikana kwenye damu. Dawa ya fangasi ya flukonazo hufanya hivyo hivyo, balungi nalo ni hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu ni kinyume chake: inaharakisha kuivunja mpaka figo inabaki bila ulinzi. Takrolimasi ikizidi, inaiumiza figo ile ile inayoilinda. Ikipungua, chembe nyeupe za damu zinazoitwa T zinaitambua figo kuwa ni mgeni, zinaitana, zinaongezeka na kuishambulia. Kazi ya takrolimasi ni kukata huo mwito. Njia ni nyembamba kiasi hicho. Akasimamisha antibayotiki, akanirukisha dozi kadhaa za takrolimasi, akanipa antibayotiki nyingine, azithromaisini.

Madhara mengine, pamoja na ya dawa nyingine ninazomeza kuilinda figo, nayataja tu. Prednisoloni ilinifanya uso wa duara, majirani wakawa wananipongeza kuwa nimenenepa, maisha yamenikubali. Maikofenoleti iliniharisha miezi ya kwanza. Sukari inapanda, presha inapanda, mafua ya wengine ya siku mbili kwangu ni wiki mbili. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa takrolimasi nyota mbili, kwa sababu ya mikono yangu tu. Fundi bila mikono ni nini?

Lakini kabla yake nilikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, narudi nyumbani siwezi hata kukuna nazi. Sasa nameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, simu inalia, nyumba nzima inaniambia "mama, dawa". Walioitafuta walianzia kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Udongo! Na mimi leo nashona gauni la harusi. Basi nyota nne. Au tano, nimekosea kuinyima, haikuwa kosa lake kuchanganywa na kitu kisichoendana nayo.

Famasi ile siipi hata moja. Kreatinini imeshuka hadi 118, haijarudi pale ilipokuwa, na daktari hasemi kama itarudi. Juzi nikiwa kwenye daladala nilimwona kijana yule kupitia dirishani, yuko kaunta, anamkabidhi mama mwingine boksi huku akitazama simu yake.