Namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto: inafaa wapi, inaishia wapi

Kwa Tanzania, namba hii ya kuomba msaada na kuripoti ukatili dhidi ya watoto inaendeshwa na shirika lisilo la kiserikali la C-Sema kwa kushirikiana na serikali: ni bure, saa 24, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Hilo la mwisho ndilo tunalolipenda zaidi.

Mpokeaji husikiliza, hushauri, kisha shauri, yaani kesi ya mtoto, hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Hapo ndipo mengi hukwama. Ukisema tu "ni huku kwetu, karibu na msikiti", mtoto hafikiwi. Taja kata, mtaa au kijiji, umri wa mtoto, na kama anayemtendea ukatili analala naye nyumba moja. Jibu hilo hubadilisha uharaka wote.

Ila simu haitibu. Mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali mara moja, kwani dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe kwanza. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi; plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja, na mtoto hasimulii upya kila mlango. Pasipokuwepo, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, wanakotoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu.