Tuisheni ya bayolojia hapa Tabora, mwalimu anajua kazi yake

Wenye watoto sekondari hapa Tabora mjini, ile tuisheni ya jioni kule Kanyenye naipa nyota nne kati ya tano. Mwalimu hakaririshi watoto, anawaonyesha. Somo la mmea kupumua alichukua chupa mbili za chai, moja akatia maharage yanayochipua, nyingine maharage yaliyochemshwa yakafa kabisa na kuoshwa na dawa ya kuua vijidudu, akaziba kwa pamba na kuchomeka kipimajoto kila moja, kesho yake ile ya maharage hai joto limepanda nyingine iko vilevile! Hapo ndo mdogo wangu akaelewa kwamba wanga uliotunzwa kwenye mbegu unavunjwa kuwa sukari, sukari inatumika pamoja na oksijeni, seli inapata ATP, yaani kemikali inayobeba nishati, ya kufanyia kazi, inatoka kabonidayoksaidi na maji, na nishati nyingine inapotea kama joto.

Halafu kawaeleza kitu ambacho wengi hawakijui, mmea unapumua saa 24 sio usiku tu, na mizizi nayo inahitaji hewa ndo maana mahindi yakisimamiwa na maji shambani yanageuka njano. Hata ile hesabu ya molekuli 38 za ATP kwa molekuli moja ya glukosi (ndo hiyo sukari) ya vitabu vya zamani kasema siku hizi inahesabiwa kama 30 hadi 32, nimempenda kwa hilo.

Nyota moja nimekata sababu ya madawati, watoto wanabanana mno na wa nyuma hawaoni kipimajoto. Ada ukiongea naye vizuri unalipa kidogokidogo.