Berea College, Kentucky: ada hulipi, ila kazi utafanya

Hii naiandika kwa wadogo zangu waliomaliza form six wakakosa mkopo, au wamepewa asilimia kidogo wanabaki kuhesabu na mama hela haitoshi, maana hao ndo wanaoniuliza kila siku Berea ni kweli au ni matapeli. Ni kweli kabisa. Nimesoma pale mpaka nimemaliza, basi nasema ninavyokijua, raha yake na ugumu wake.

Chuo kipo kwenye mji mdogo ambao nao unaitwa Berea, jimbo la Kentucky huko Marekani, kama kilomita 60 na kitu kusini mwa Lexington ukifuata ile barabara kuu ya I-75, pale milima ya Appalachia inapoanza. Wanafunzi wote ukiwajumlisha ni kama 1,500 hivi. Ni moja ya vile vyuo vidogo vya sanaa huria, yaani unapita masomo ya aina nyingi kwanza halafu unabobea baadaye, nitarudi hapo kwenye masomo maana kwa mtu aliyetoka kwenye michepuo yetu ya form five na six kama PCB na HGL ni habari nyingine.

Kwanza hela, najua ndo mnachosubiri. Ada ya masomo hulipi hata senti, na sio ofa ya mwaka huu, chuo hakijatoza ada tangu 1892. Watu wanauliza sasa wanajiendeshaje? Wana mfuko wa akiba uliovuka dola bilioni 1. Mwaka 1920 bodi ya chuo iliamua kwamba mtu akifa akakiachia chuo mali bila masharti, hiyo mali isitumiwe bali iingizwe kwenye mfuko, na faida ya huo mfuko pamoja na michango ya watu ndo inalipa walimu mpaka leo. Mimi hilo nalihusudu sana, watu walikaa kikao miaka zaidi ya 100 iliyopita wakamfikiria mtoto wa maskini ambaye hata bibi yake alikuwa hajazaliwa. Linganisheni na vyuo vingine vidogo vya aina hii huko Marekani, kama Amherst au Williams, bei yao iliyoandikwa ikijumlisha malazi na chakula inapita dola 80,000 kwa mwaka, na japo nao wanasaidia sana wasio na uwezo, pale kwenye bweni unakaa na watoto wa matajiri. Berea hawamchukui mwenye uwezo. Familia yako lazima ionyeshe haina hela, kwa hiyo chumbani, darasani, kwenye foleni ya chakula, kila mtu katoka nyumba inayohesabu hela haitoshi. Hakuna wa kumringia mwenzake.

Kwa sisi wa kutoka nje mwaka wa kwanza wanakubebea vyote, ada, chumba, chakula na michango ya chuo. Miaka inayofuata wanategemea uweke akiba kama dola 1,000 kwa mwaka uchangie, na chuo chenyewe kinakupa kazi ya kiangazi ili uipate. Laptop unapewa. Lakini nafasi za wageni ni chache mno na dunia nzima inazigombania, kwa hiyo usikae ukaiombea Berea peke yake ukaacha maombi ya vyuo vya nyumbani, tafadhali sana.

Haya, kazi. Kila mwanafunzi pale anafanya kazi, kila mmoja, angalau masaa 10 kwa wiki, na hakuna cha mimi nina A nyingi niachwe nisome. Mwaka wa kwanza mara nyingi unapangiwa tu, unaweza kujikuta unadeki vyoo vya bweni, unaosha sufuria jikoni, unalisha ng'ombe shambani, unapanga vitabu Hutchins Library. Wengine wanasuka vitambaa kwa mtande, wengine wanatengeneza mifagio, na hiyo mifagio ya Berea inauzwa kabisa watu wanaitafuta. Kuna hoteli ya chuo inaitwa Boone Tavern, ipo tangu 1909, nayo wanafunzi ndo wanapokea wageni na kuhudumia mezani. Una msimamizi, unafanyiwa tathmini, ukizembea unaonywa na ukiendelea unaweza kuondolewa chuoni hata kama darasani uko vizuri. Ukimaliza unatoka na taarifa ya matokeo ya masomo na nyingine ya kazi zako, na mwajiri anaziona zote mbili.

Huku kwetu nimesikia wazazi wanasema mtoto wangu nimsafirishe mpaka Marekani akadeki vyoo? Mzazi wangu, mtoto wa mwalimu wa chuo akikua pale anamuona mwanafunzi wa fizikia na mop mkononi asubuhi na mchana yupo maabara, na hakuna anayeshangaa. Mimi naona hapo ndo penye thamani yote ya hiki chuo kuliko hata hiyo ada. Mtu aliyefundishwa toka ana miaka 18 kwamba kufagia na kusoma ni vya mtu yuleyule, hawezi kuja kumdharau mlinzi wa ofisini kwake. Na wanaanza kukupa majukumu makubwa kadiri unavyokaa, mwaka wa tatu wa nne unakuta wewe ndo unasimamia wenzako, unapanga zamu, unaandika ripoti.

Mshahara upo, unalipwa kwa saa, lakini ni mdogo. Ni hela ya sabuni, vocha na koti la baridi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo panaumiza watu: usiende ukiwa umeahidi nyumbani utatuma hela kila mwezi. Visa ya mwanafunzi inakuruhusu masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo na ni ndani ya chuo, kwenda kubeba boksi mtaani bila kibali ni kuhatarisha visa yako na elimu yote. Kaeni chini na familia kabla ya safari muwaambie ukweli, miaka minne hii nasoma, mnivumilie.

Masomo sasa. Huku ukichagua CBG form five ndo maisha yako yameshaamuliwa, una miaka 17. Pale unaingia bila kuwa umeamua, mwaka wa kwanza unasomeshwa kuandika na kujenga hoja mpaka unachoka, mtu wa kemia anasoma historia, mtu wa fasihi anasoma sayansi, na unachagua fani yako ukiwa umeshaonja. Kozi ni nne hivi kwa muhula na madarasa ni ya watu wachache, kwa hiyo kujificha hakuna, profesa anakujua jina, usipoongea atakuuliza wewe unaonaje. Kwa sisi tuliozoea kunakili notisi na kumwaga kwenye mtihani muhula wa kwanza ni mgumu, hilo sikufichi, kusoma kurasa nyingi kila siku halafu uje na maoni yako mwenyewe ni mazoezi mapya kabisa. Nenda ofisini kwa mwalimu mapema, wanapenda, haihesabiki kama kujipendekeza. Ila kama unataka udaktari au sheria moja kwa moja kutoka form six, pale hakuna, Marekani hizo ni baada ya digrii ya kwanza, Berea unapata msingi tu. Uuguzi upo na ni mzuri, kompyuta ipo, kilimo kipo, lakini orodha ya fani sio ndefu kama ya chuo kikuu.

Historia yake pia ijueni kabla hamjaandika insha ya maombi. Kilianzishwa 1855 na mchungaji John G. Fee aliyepinga utumwa, katikati ya jimbo lililoruhusu utumwa, 1859 yeye na wenzake wakafukuzwa na watu wenye silaha, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoisha wakarudi. Mwaka 1866 hadi 1867 kulikuwa na wanafunzi weusi 96 na weupe 91 wanasoma chumba kimoja, hebu fikirieni Kentucky ya wakati ule! Carter G. Woodson, yule aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi ambayo sasa ni mwezi mzima, alimaliza pale 1903. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kukataza rangi mbili kusoma pamoja, chuo kikapeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kikashindwa 1908, na weusi hawakurudi mpaka 1950 sheria iliporekebishwa. Inaniuma kila nikisoma hayo, ile miaka arobaini na kitu. Leo mwandishi bell hooks, aliyefundisha pale toka 2004 mpaka anafariki 2021, ana kituo chenye jina lake chuoni.

Maisha ya kawaida ni ya kijijini. Hakuna daladala, hakuna klabu, mwenye gari ni mfalme. Baridi ya Januari inaingia mpaka kwenye mifupa. Chakula cha kafeteria nakipa 3 kati ya 5, kipo kingi na mboga nyingine zinatoka shamba la chuo, ila pilipili na chumvi uwe nazo zako. Oktoba kuna siku wanafuta vipindi watu wote wanapanda milima ya Pinnacles, majani yamegeuka mekundu na njano, nendeni hata kama mmechoka. Na ukizidiwa na upweke, Lexington kuna Wakongo wengi sana wanaoongea Kiswahili, kuna makanisa wanaimba kwa lugha yako na maduka unapata unga na sombe (kisamvu), tafuta lifti Jumamosi moja, utarudi mtu mwingine.

Kitu cha mwisho ni nauli ya ndege na gharama za visa, hizo jipangeni wenyewe kuanzia siku mnatuma maombi, sio siku barua ya kukubaliwa inafika, maana miezi ya katikati inakwenda haraka na ukoo ukichangishwa kwa haraka unagombana.