Kamba wa mapambo wa maji yasiyo na chumvi: nani ununue kwanza, nani umwache kwa sasa

Watu wengi wakitaka kuanza kufuga kamba wanaanza na rangi. Mtu anaona picha ya wale wekundu wenye mabaka meupe, anasema ndo hawahawa nawataka, afu wiki tatu baadae tangi liko tupu. Mi mwenyewe nilipitia huko, nilinunua kristali kumi (ndo jina la hao wekundu wenye mabaka meupe) nikawatia kwenye maji ya bomba, kila nikiamka nakuta mmoja kalala ubavu, mpaka wakaisha wote, na iliniuma sana maana hawakuwa na ugonjwa wowote, maji tu ndo hayakuwa ya kwao. Ndo maana hapa nimewapanga kwa kuangalia nani ataishi na kuzaa kwenye maji ambayo mtu wa kawaida anayo nyumbani, uzuri wa rangi nimeuweka nyuma.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela pima maji yako kwanza. Unahitaji kujua pH (yaani maji yana asidi kiasi gani), GH (yaani kiasi cha kalsiamu na magnesiamu, ndo kamba anajengea gamba lake) na KH ambayo inaizuia pH isiyumbeyumbe. Vichupa vya kupimia kwa matone vinatosha kabisa. Amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ziwe sifuri, na tangi jipya halifiki hapo kwa siku mbili tatu, mara nyingi ni wiki nne hadi sita filta ikiwa inazunguka bila kamba ndani. Mi ningesubiri hata zaidi, mpaka nione utando wa kijani umeshika kwenye vioo na mawe, kwa sababu utando huo ndo chakula chao cha kila siku na vitoto vinauhitaji kuliko chakula chochote cha kopo.

Namba moja bila ubishi ni cheri, Neocaridina davidi. Asili yake China na Taiwan, na porini wala sio mwekundu, ni wa kahawia hivi unaona mpaka ndani, hizo rangi zote nyekundu, njano, buluu na chungwa zimetokana na watu kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Anavumilia pH 6.5 hadi 8, joto la nyuzi 18 hadi 28, GH 6 hadi 12, yaani maji mengi ya bomba yanamfaa ukishaondoa klorini. Halafu anazaa mwenyewe bila wewe kufanya lolote, jike anabeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo, anayapepea na vile vimiguu kwa wiki tatu au nne, na vinavyotoka ni kamba kamili wadogo kama ncha ya penseli. Mara ya kwanza kuviona nilikaa mbele ya kioo saa nzima. Kosa moja tu ambalo watu wanarudia, wananunua rangi tano wanazichanganya kwenye tangi moja wakidhani watapata urembo zaidi, kumbe wote ni aina ileile, wanapandana na baada ya vizazi vichache watoto wanarudi ile rangi ya kahawia ya porini. Chagua rangi moja ubaki nayo. Na usilipie sana wale wekundu kabisa wa daraja la juu kwa kuanzia, wa kawaida wanafundisha yaleyale.

Namba mbili ni Amano, Caridina multidentata. Jina ni la Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyewapa umaarufu miaka ya 1980 alipokuwa anawatumia kula mwani kwenye matangi yake ya mimea. Kama shida yako ni mwani wa nyuzinyuzi basi huyu ndo mfanyakazi, hakuna kamba mwingine anayemfikia. Ni mkubwa, hadi sentimita 5, kwa hiyo samaki wadogo hawamwonei. Nimemweka wa pili kwa sababu moja, hazai nyumbani, lava wake (watoto wakishatoka kwenye mayai) wanahitaji maji ya chumvi ili wakue, kwa hiyo idadi uliyonunua ndo hiyohiyo itakayokuwepo. Funika tangi pia, wanatoka nje.

Wa kioo, wale wasio na rangi wanaouzwa rahisi, namba tatu, ila kwa tahadhari. Jina hilohilo linatumika kwa aina tofauti tofauti na nyingine zina mikono mirefu yenye vibano, hao wanakamata samaki wadogo na kamba wenzao. Ukiona mikono mirefu achana nae.

Namba nne ni wa mianzi, Atyopsis moluccensis. Huyu hana vibano, ana mikono minne kama feni anaifungua kwenye mkondo wa maji kudaka chembechembe, na ni mpole ajabu. Tatizo ni kwamba tangi dogo safi halina cha kudaka. Mnunue kama una tangi kubwa, la zamani, lenye mkondo mzuri, na uko tayari kumpa chakula cha unga laini. Ukimuona anatembea chini anachokoachokoa mchanga ujue ana njaa.

Kristali wekundu nimewaweka wa tano ingawa ni wazuri kuliko wote hao. Walianza Japani kwa kuchaguliwa kutoka kwa kamba weusi wenye mistari myeupe. Wanataka pH chini ya 7, KH karibu na sifuri, GH 4 hadi 6, na joto nyuzi 20 hadi 24, maana yake unatengeneza maji mwenyewe, unachuja kwa RO (chujio linaloondoa karibu madini yote) unarudisha madini ya kupima, na chini unaweka udongo maalumu unaoshusha pH. Inawezekana, ila iwe tangi la pili. Kadinali wa Sulawesi, Caridina dennerli, ndo wa mwisho kwenye orodha yangu, anatoka Ziwa Matano kule Indonesia na anataka kinyume kabisa, maji ya moto nyuzi 27 hadi 30 na pH karibu 8, na akitikisika kidogo anakufa.

Ukishaamua, nunua 10 hadi 15 kwa pamoja ili uwe na uhakika wa madume na majike. Chukua wadogo wadogo, usikimbilie wale wakubwa waliokolea rangi, cheri anaishi mwaka mmoja hadi miwili tu na yule mkubwa tayari kashakula nusu ya umri wake. Angalia kabla hujalipa: kamba mzima muda wote anachokoa, mikono haitulii. Wamesimama tu, au nyama ya ndani imekuwa nyeupe kama maziwa, au kuna kitu cha kijani chini ya tumbo ambacho sio mayai, ondoka. Filta chukua ya sponji, haifyonzi vitoto na sponji yenyewe inakuwa meza ya chakula. Dawa yoyote ya samaki yenye shaba usiiweke, na dawa ya kuua wadudu usipulize karibu na tangi, kamba na wadudu ni ndugu, kinachoua mmoja kinaua mwingine. Hata mimea mipya iloweke kwenye ndoo siku kadhaa ukibadilisha maji, mingine inakuja na dawa ya shambani.

Ukifika nao nyumbani usiwamwage. Waweke kwenye bakuli na maji yao, chukua mpira mwembamba wa hewa kutoka kwenye tangi hadi kwenye bakuli, ufunge fundo, maji ya tangi yadondoke matone mawili matatu kwa sekunde mpaka yawe mara tatu ya mwanzo, saa moja na zaidi hivi, ndo uwahamishe kwa kinyavu na yale maji uyamwage. Siku chache baadae unaweza kukuta kitu cheupe kimelala chini na macho na miguu yote, moyo unapasuka, ila kiangalie vizuri, kama kiko kitupu ndani ni gamba amejivua. Liache hapohapo, watalila wapate madini.