Safari ya Bure Mtwara–Masasi: Ofa Ipo, Konda Anaikwepa

Mpango wa ofa ya Kosta, yaani mabasi madogo, hauna ugumu: unatunza tiketi 9 za Mtwara–Masasi, safari ya 10 unapanda bure. Kwa njia ya karibu kilomita 200 si haba, na kwa anayesafiri kila wiki inalipa. Kinachoiharibu ni hesabu ya jioni.

Dereva na konda wa Kosta wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu: kiasi cha hela kilichopangwa kwa siku, mafuta juu yao, kinachobaki ndicho chao. Tajiri asipoikata nauli ya ofa kwenye hesabu, abiria wa bure analipiwa na konda. Ndiyo maana msimu wa korosho, stendi ya Mkanaledi mjini Mtwara ikifurika, utaambiwa "siti za ofa zimeisha" huku mwenye hela anaitwa mlangoni. Mwezi wa tatu, gari likienda nusu tupu, hakuna ubishi. Yapo magari ambayo konda humrudishia tajiri kipande cha tiketi ya ofa akapunguziwa hesabu. Huko mambo huenda sawa. Uliza hilo kabla hujaanza kukusanya.

Tiketi za mashine zinafutika. Karatasi yake huandikwa kwa joto, kwa hiyo ukiiweka juani au kwenye pochi yenye jasho, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, namba ya tiketi, tarehe na namba ya gari vionekane. Ukipandia Mikindani au Mnazi Mmoja, dai tiketi kabla ya kutoa hela, maana nauli ya njiani mara nyingi inaishia mfukoni na safari yako haihesabiwi. Abiria nao si malaika: wapo wanaookota tiketi chini ya siti. Ujanja huo unakufa pale jina na namba ya simu vinapoandikwa.

Siku ya kudai, nenda dirishani kwa mkata tiketi mapema. Konda mlangoni, gari likishawashwa, hana muda na wewe. Hakikisha umepewa tiketi yenye namba ya siti, nauli imeandikwa sifuri. Ukipanda kwa maneno matupu, utainuliwa Ndanda umpishe anayelipa, na ikitokea ajali huna ushahidi kwamba ulikuwemo.

Mzigo haumo kwenye ofa. Gunia linalipiwa kama kawaida, na konda aliyepoteza nauli atajaribu kuifidia hapo, kwa hiyo patana bei kabla halijapandishwa kwenye keria.