Duka la Filamu la Usita wa Mui, na Mwigizaji Asiyekuwa Steringi

Kwenye Usita wa Mui hapa Lamu, ukitokea Langoni na kabla hujafika Mkunguni, kuna duka dogo la filamu ambalo nimekuwa mteja wake kwa miezi mitatu sasa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko nalo na mwenye duka ni kijana ninayemtakia riziki. Utaratibu wake ni mwepesi: unakwenda na flashi yako, unataja filamu unayoitaka, naye anakuingizia kutoka kwenye kompyuta kwa shilingi 30 kila moja.

Filamu zake amezipanga kwa majina ya masteringi, yaani waigizaji wakuu. Kuna faili la Jackie Chan, la Jet Li, la Schwarzenegger, na la Shah Rukh Khan ambalo peke yake limejaa kuliko mengine yote. Kwa mteja wa kawaida mpango huo unatosha, maana sisi tangu enzi za kanda za video tulikuwa tukiuliza kwanza steringi ni nani, na tulijua kwamba steringi hafi. Shida yangu ni kwamba nilikuwa nikimtafuta James Hong, mzee ambaye ameigiza kwa takriban miaka 70, katika filamu na vipindi vinavyohesabiwa kwa mamia, na karibu mara zote steringi ni mtu mwingine.

“Jina hilo sina, ami,” aliniambia. Nilipomwonyesha picha kwenye simu, aliruka kitini. “Kumbe mchawi! Si ungesema mapema?” Katika muda wa robo saa, bila kuandika jina lolote, alikuwa amekwishanitolea filamu tano kwa kukumbuka sura tu: yule mtumishi wa nyumba ya kitajiri katika Chinatown ya 1974, fundi wa kutengeneza macho katika Blade Runner ya 1982, mchawi Lo Pan wa Big Trouble in Little China ya 1986, baba wa panda katika Kung Fu Panda ya 2008, na babu mkali wa Everything Everywhere All at Once ya 2022. Hiyo ya panda ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa kuwa humo sura yake haionekani kabisa; yeye ni sauti ya bata bukini anayeuza tambi. Kwa ujuzi wa aina hii duka linastahili sifa, na sidhani kama mashine yoyote ya kutafutia ingemtambua mzee huyu kwa neno “mchawi”.

Nilivutiwa naye baada ya kusoma habari zake. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1929 mjini Minneapolis, katika familia ya Wachina, akasomea uhandisi wa ujenzi na kuajiriwa kama mhandisi wa barabara huko Los Angeles, akawa anatumia siku zake za likizo kwenda kuigiza hadi alipoamua kuiacha kazi ya barabara moja kwa moja. Mwaka 1955 alionekana katika filamu moja na Clark Gable. Miaka ile Mchina akipewa nafasi ilikuwa ni ya mpishi, mtumishi au adui, na wahusika wakubwa wa Kichina walichezwa na Wazungu waliopakwa rangi na kuvutwa macho. Hakubaki kulalamika tu. Mwaka 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha East West Players, kundi la tamthilia ambalo liliwapa Wamarekani wenye asili ya Asia jukwaa lao wenyewe, na wengi waliopitia pale walikuja kupata kazi ambazo yeye hakuzipata alipokuwa kijana.

Sasa nije kwenye malalamiko. Picha za filamu nne kati ya tano zilikuwa safi, ijapokuwa Chinatown ilikuwa na giza kiasi kwamba nusu ya filamu niliifuata kwa masikio. Ya tano, yaani Kung Fu Panda, niliifungua nyumbani mbele ya wajukuu nikakuta ni ile iliyotafsiriwa na dijei, yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za filamu. Wajukuu walifurahi mno, na lazima nikiri kwamba mimi mwenyewe nilicheka pale bata alipoanza kuzungumza kama muuza chapati wa sokoni. Lakini fikiria jambo lenyewe: nimelipa kwa ajili ya mwigizaji ambaye katika filamu hiyo hana uso, hana mkono, ana sauti tu, na sauti hiyo ndiyo iliyofunikwa. Nilinunua filamu ya James Hong isiyo na James Hong. Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hiyohiyo, kwani Godzilla ya Wajapani ilipopelekwa Marekani mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waliotia sauti za Kiingereza juu ya sauti za wenyewe.

Niliporudi dukani kulalamika, maneno yetu yalihamia kwenye utajiri, kwa kuwa kijana aliamini kwamba mtu mwenye filamu nyingi namna hiyo hana budi kuwa bilionea. Kwenye intaneti zipo kurasa zinazotaja mali yake kwa mamilioni ya dola bila kuonyesha hesabu hiyo imetoka wapi, nami siziamini. Mwigizaji wa nafasi ndogo hulipwa kwa siku au kwa wiki, kisha hutegemea malipo ya marudio kila kazi yake inapoonyeshwa tena. Hata hayo marudio ya filamu kwenye televisheni yalipatikana kwa mgomo wa waigizaji wa mwaka 1960, ulioongozwa na Ronald Reagan kabla hajawa mwanasiasa, na filamu za miaka ya nyuma zikaachwa nje. Mwaka 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim alianzisha mchango ili James Hong awekewe nyota kwenye njia ya heshima ya Hollywood, kwa kuwa nyota hiyo hulipiwa, na mashabiki wakatoa dola 55,000. Ilizinduliwa tarehe 10 Mei 2022, naye akiwa na miaka 93. Sisi Wakenya harambee ya namna hiyo tunaijua: Mzee Ojwang, aliyetuchekesha kwa miongo kadhaa na kufariki Julai 2015, alichangiwa na wananchi ili atibiwe macho.

Katika shilingi 150 nilizolipa, hapana hata senti moja iliyomfikia mzee wa watu. Kijana alijibu kwamba hata yeye habakiwi na chochote baada ya kulipa kodi na umeme. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inajulikana kwa wote wawili, anayeuza na anayenunua, na mimi ni huyo anayenunua.

Kwa mwenye nia ya kwenda, mwambie kabla hajaanza kuingiza kwamba unataka isiyotafsiriwa, na uifungue kwenye kompyuta yake ukiwa palepale, kwani ukishatoka itakubidi ubishane. Usiende umeme ukiwa umekatika. Atakuketisha barazani saa nzima kwa stori. Kung Fu Panda yenye sauti zake za asili aliniahidi Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Alhamisi mbili zimepita, na wajukuu wameniomba nisiifute ile ya dijei.