Banda la gemu Nkuhungu: mpira sawa, tatizo ni TV ya nne

Fremu yangu ya ushonaji imepakana ukuta na banda la gemu hapa Nkuhungu, kwa hiyo makelele yake nayajua hata kabla ya kuingia. Likizo hii mdogo wangu ameniletea mwanawe wa darasa la tatu. Ukimtuma uzi tu, harudi. Nikaenda kukaa humo mwenyewe.

Banda ni safi. Pamoja na vumbi letu hili la Dodoma, sakafu inapigwa deki kila asubuhi. Kuna feni mbili, na sigara ni marufuku. Mechi ya mpira ni shilingi 300, gemu nyingine 500 kwa nusu saa, na LUKU ikiisha katikati ya mchezo unarudishiwa zamu yako bila ubishi. Msimamizi ana adabu: "Shikamoo mama, sogea hapa penye upepo." Choo ni cha kuomba kwa mama ntilie wa nyuma.

TV tatu ni za mpira. Aliyefungwa anapisha mwingine, na ndipo penye kasheshe: matusi na kusukumana kote nilikokuta kulikuwa hapo, kwa sababu ya penalti.

TV ya nne ni GTA V, gemu ya ujambazi, na pale watoto wametulia kama wako msikitini. Mchezaji anapora gari, anagonga wapita njia, nyota za polisi zinaongezeka hadi tano na helikopta zinakuja. Gemu hiyo hiyo ina klabu ya wanawake wanaocheza kifua wazi, na ina sehemu ambayo mchezaji mwenyewe anamtesa mtu kwa koleo na umeme. Anayelipa ni kijana mwenye ndevu, sina neno naye. Lakini nyuma yake benchi zima limejaa watoto wanaotazama bure, na wa kwangu yuko katikati.

Sisemi watakuwa majambazi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba ushahidi wa kuzihusisha gemu za namna hii na vitendo vya ukatili hautoshi, ingawa uhusiano mdogo upo na ukali wa kufokeana na kusukumana. Kwa kusukumana, basi, hata mpira ungeshtakiwa. Mimi nahoji tu mtoto wa miaka tisa anatazama nini pale.

Gemu hiyo ilipotoka mwaka 2013, Ulaya iliwekewa alama ya miaka 18 na Marekani 17, juu ya kasha. Nikamwomba msimamizi anionyeshe kasha.

"Kasha la nini tena, mama? Zote fundi ametupia ndani ya mashine."

Basi hiyo namba haijawahi kufika Nkuhungu. Mzazi akichungulia anaona magari tu, anaondoka ameridhika.

Nilimwambia mwenye banda aigeuze TV hiyo, au aiwashe usiku watoto wakishalala. Alicheka, akasema ndiyo inayomlipia kodi ya fremu. Wiki iliyofuata, hata hivyo, aliihamishia pembeni, akatundika pazia la kitenge nililomshonea mimi kwa bei ya jirani. Kitambaa alinunua mwenyewe, na alibania: pazia linaishia magotini, watoto wanainama wanatazama.

Nyota tatu kati ya tano. Akiongeza mita moja ya kitenge nampa ya nne. Kushona ni bure.